Pemba hatuna pa kumpeleka mtoto aliyeathiriwa na pombe tumboni. Tupande boti mpaka lini?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimechoka, leo nayatoa yote. Najua watakuwepo wa kuniambia ningelisitiri, lakini huko kusitiri ndiko kulikotufikisha hapa.

Nalea mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka kumi, yuko darasa la tatu, na hajui kusoma saa wala kuhesabu chenchi. Dada yangu alikuwa akinywa pombe. Alikunywa kabla hajajijua kuwa ana mimba, na akanywa baada ya kujijua. Nimeliandika mwenyewe, kwa hiyo hakuna tena wa kunitisha nalo. Mungu amrehemu na amsamehe.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye hospitali moja hapa kisiwani, mara ya sita, na karatasi zilezile mkononi. Karani wa dirishani akafungua faili, akasoma, akainua kichwa akapaza sauti ukumbi mzima: "Yuko wapi yule ambaye mama'ke alikuwa mlevi?" Mabenchi yamejaa watu. Na mwanangu akanyoosha mkono. Alinyoosha mkono juu kabisa, anatabasamu, kwa sababu skuli amefundishwa kuwa ukiitwa unyooshe mkono. Watu wakageuka kumtazama. Mimi nilishindwa hata kusimama.

Kisha daktari akamwangalia kwa dakika chache tu akaniambia: "Huyu mtoto sura yake nzuri, hana kitu. Ni mtundu tu, muwe wakali."

Jamani! Dalili za usoni, yaani macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji mdogo chini ya pua uliosawazika, huonekana kwa baadhi tu ya watoto hawa. Wengi hawana kabisa. Sura hutengenezwa katika wiki za mwanzo wa mimba, lakini ubongo unajengwa miezi yote tisa. Pombe anayokunywa mama inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, na ini la mtoto tumboni bado changa, haliwezi kuisafisha. Kwa hiyo sura inaweza kutoka salama na ubongo ukawa umeumia. Dunia nzima madhara haya ya pombe kwa mtoto aliye tumboni, makubwa na madogo, yanajulikana kwa kifupi cha Kiingereza FASD, na si jambo la jana. Daktari Paul Lemoine wa Ufaransa aliandika habari za watoto wa namna hii mwaka 1968, na madaktari wa Seattle, Marekani, wakaipa jina ile hali nzito zaidi mwaka 1973. Mimi ni mshona nguo, nimeyajua haya kwa kusoma usiku kwenye simu. Aliyesomea udaktari ananiambia niwe mkali!

Nataka muelewe mtoto mwenyewe yukoje. Nikimtuma dukani sukari kilo moja na sabuni, anarudi na pesa yake mkononi. Si mkaidi. Amefika dukani, vitu viwili vimeshaondoka kichwani, akaona haya kuuliza, akasimama pale mpaka mwenye duka akamwambia nenda nyumbani. Chuoni alihifadhi Suratul Falaq Jumamosi, akaisoma vizuri mbele ya wenzake, Jumatatu haimo hata aya moja. Bakora alikula nyingi mpaka nilipokwenda kukaa na ustadh nikamweleza. Ustadh yule, Allah amlipe, tangu siku hiyo hajamgusa, anamsomesha peke yake aya moja kwa siku tatu. Skuli nimeeleza vilevile, kwa walimu watatu tofauti, na bado anarudi na alama mapajani.

Nyumbani nimejitafutia njia. Nimemchorea kwa chaki nyuma ya mlango: ndoo, mswaki, sare, kikombe, mkoba. Kila asubuhi anagusa picha moja, anafanya, anarudi kugusa nyingine. Namwambia jambo moja kwa wakati mmoja, maneno machache. Hivi sasa anajivalisha mwenyewe. Hakuna mtaalamu aliyenifundisha hayo. Je, angekuwepo wa kunifundisha alipokuwa na miaka mitatu, leo angekuwa wapi? Ubongo ulioumia haurudi, hilo nimelikubali. Lakini mtoto anayetambuliwa mapema na kukaa kwenye nyumba tulivu huepukana na mengi, na asiyetambuliwa ndiye tunayemuona baadaye nje ya skuli, anatumiwa na wajanja, anaishia mikononi mwa polisi kwa kosa ambalo hata haelewi amelifanya vipi.

Kila tukiuliza jibu ni Unguja. Nimekwenda mara mbili. Usiku mzima kwenye boti anaziba masikio na kulia kwa sababu kelele na watu wengi vinamvuruga. Mara ya kwanza mtaalamu tuliyepangiwa alikuwa safarini, hakuna aliyetupigia simu. Mara ya pili akapimwa macho na masikio, mengine tukaambiwa turudi baada ya miezi mitatu. Nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, na pa kulala. Nimeuza cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo.

Na huko kwenyewe ni dirisha hili, kesho dirisha lile, kila mahali naanza upya hadithi ya dada yangu. Maradhi haya hayapimwi kwa damu wala kwa picha. Yanataka daktari wa watoto, mtaalamu wa saikolojia, wa matamshi, na wa kumfundisha mtoto kazi za kila siku, wakae pamoja wamtazame mtoto mmoja. Siombi jengo jipya. Naomba watu hao wavuke waje Pemba mara moja kila miezi mitatu, siku ijulikane, wakae Chake Chake penye njia ya Wete na ya Mkoani, na faili liwe moja. Australia kuna mji mdogo wa mbali sana, Fitzroy Crossing. Wanawake wa pale ndio waliosimama mwaka 2007 wakataka uuzaji wa pombe ubanwe, kisha wakataka watoto wao wapimwe, na wataalamu ndio waliofunga safari kuwafuata watoto. Sisi tunatenganishwa na maji kidogo tu.

Kuna wataokuja hapa chini kusema hii ni nchi ya Waislamu, hayo ni ya Wazungu. Tembo linagemwa hapa hapa, gongo inapikwa, na kila mtu kwenye shehia anajua nyumba gani. Na mwanamke anayekunywa anakwenda kliniki ya wajawazito anapimwa damu, anapimwa presha, anaulizwa kila kitu isipokuwa hilo. Nani atajitaja mwenyewe mbele ya nesi ambaye ni jirani yake? Aulizwe kwa faragha, kwa upole, aambiwe kuwa hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa mimba na kuwa akiacha hata mwezi wa sita bado anamsaidia mtoto. Dada yangu angeulizwa hivyo, naamini angesema. Alikuwa akilia kila siku.

Nimeshaandika barua ya malalamiko kwa ajili ya yule karani na nyingine ya kuomba hao wataalamu waje. Jina moja chini ya barua litatupwa. Mwenye mtoto wa namna hii, awe Konde, Micheweni, Mtambile, popote, aniandikie faraghani, sitamtaja mama wa mtoto. Nazipeleka Jumatatu asubuhi, na mtoto ninakwenda naye.