Vibanda, hema, kambi spesho, kambi ya kuhama: mliolala huko tupeane uzoefu

Mleta uzi, Moshi
Wakubwa shikamooni. Mdogo wangu kapata kazi ya upagazi, ananiuliza kambi za Mlima Kilimanjaro na zile za Serengeti zinatofautianaje. Mimi nakodisha hema, nazijua kwa kuzikunja tu. Mliolala humo tupeni darasa.

Mgumu wa Machame
Kaka, kama anaweza, aanzie njia ya Marangu. Kule wageni wanalala vibandani: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, juu Kibo. Hema hubebi. Huku kwetu njia ya Machame kila kitu kiko kichwani, jiko, meza, viti, mpaka choo cha mgeni aliyelipia. Mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, mwisho kilo 20, unapimwa getini.

Kambi ya Barafu ndiyo itamfundisha kazi. Mita 4,600 na ushee, mawe matupu, kigingi hakizami. Kamba unafunga kwenye jiwe kubwa, ya pili unalegeza kidogo upepo usije kuchana kitambaa. Maji hakuna, yanabebwa toka kambi ya Karanga. Halafu kampuni nyingine hema la kulia wageni ndilo la kulala wapagazi, kwa hiyo mgeni mwenye stori ndefu anakukesheza nje kwenye baridi. Wazee wetu walilala mapangoni, siku hizi hairuhusiwi.

Binti Meru
Mlima Meru nao ni vibanda, Miriakamba na Saddle. Ila mnapanda na askari mwenye bunduki, nyati ni wengi.

Mpishi wa Arusha
Porini Serengeti kuna kambi za pabliki na za spesho. Pabliki, kama za Seronera, mnachangia na makundi mengine: vyoo vipo, jiko lipo. Foleni ya sinki usiku ni kama ya daladala Kilombero. Spesho unaipata peke yako, lakini jina lisikudanganye, ni kiwanja kitupu. Maji, kuni, choo, vyote unakuja navyo, na taka unaondoka nazo. Uzio hakuna kote kuwili. Kambi ya Simba, ukingoni mwa Ngorongoro, tembo huja kunywa kwenye tangi wakati unamenya viazi. Unaacha viazi.

Kijana wa Ndutu
Mmesahau kambi za kuhama. Mgeni ana kitanda, shuka, bafu la ndoo, utadhani hoteli, kumbe yote inapakiwa kwenye lori. Tunawafuata nyumbu: Februari wanazaa huku kusini, Julai mpaka Oktoba tuko kaskazini, Mto Mara. Zege haliruhusiwi, shimo likifukiwa hakuna atakayejua mlikuwepo. Mimi kuhamisha sioni tabu, tabu ni mvua ya masika na lori limezama.

Mleta uzi, Moshi
Asanteni. Kapangiwa njia ya Lemosho, Kilimanjaro.

Mgumu wa Machame
Basi hema kila usiku. Aulize kabla ya kusaini: wapagazi wana hema lao? Na wewe mwenye duka mpe begi zito la kulalia, usimtoze dogo.

Mleta uzi, Moshi
Nitampa. Akirudi nalo limechanika atafua yote ya dukani.