MREJESHO: Kayaki ya mitindo na timu ya taifa, kutoka Malindi hadi Jinja

Ndugu zangu, salaam. Mimi ndiye niliyeomba ushauri kabla ya kwenda na timu ya taifa kwenye mashindano ya kimataifa ya kayaki ya mitindo (kupiga pindu na mizunguko juu ya wimbi ili upate alama) Jinja, Uganda, ilhali nimezoea mawimbi ya Malindi tu. Nimerudi salama. Ahsanteni sana.

Mlisema nijifunze kujiinua kwa kafi kayaki ikipinduka, mpaka mwili ufanye wenyewe. Nilifanya kila alfajiri msimu wote wa kusi, kulia na kushoto. Jinja nilipinduka mara nyingi, sikutoka chomboni hata mara moja. Na uliyeniambia nijipime kwa sekunde 45, Mungu akubariki: ndio muda wote unaopewa, na mtindo uleule ukiurudia upande uleule huongezi alama.

Kilichonishinda ni wimbi lenyewe. Baharini wimbi linakuja, linakubeba, linafia ufukweni. Kwenye mto Nile pale Jinja limesimama palepale, maji ndiyo yanayopita chini yako. Mlinihimiza nifike wiki mbili mapema, lakini nauli ilichelewa, nikafika siku mbili kabla. Tena maji ya mto hayabebi kama ya chumvi. Kayaki ilizama zaidi kuliko nilivyozoea. Zamu ya kwanza nilitupwa nje ya wimbi mara mbili. Ya pili nilibaki, nikapiga pindu moja safi ya mbele. Mchujo sikuvuka, na imeniuma.

Kwa aliyeuliza kuhusu mazoezi mto Sabaki: usithubutu ndugu yangu, kuna mamba na viboko. Nenda Sagana, kule bara kwenye mto wa maji ya kasi. Mimi naelekea huko mwezi ujao.