Naomba ushauri: safari ya kuwasomesha watoto viumbe wa pwani, Unguja

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunawasomesha nyumbani wanetu wawili, wa miaka 7 na 10, na tunakusudia kuizunguka Unguja kwa gari kwa siku sita ili somo la sayansi walione kwa macho yao. Juzi Chwaka, maji yalipokupwa, binti yangu alikigeuza kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, kiganjani, akaviona vijiguu vyake vingi vikipapasa hewani, na tangu siku hiyo haulizi jingine.

Tutaanzia msitu wa Jozani kwa kima punju na njia ya mbao inayopita kwenye mikoko, kisha Kizimkazi kwa pomboo, tumalizie kwa kasa wa Nungwi. Kinachonitatiza zaidi ni maji: bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na ndipo mwamba unapoachwa wazi, lakini kila siku saa za maji husogea mbele kiasi cha dakika 50, hivyo sijui tupange vipi vipindi vya kusoma na kuandika bila ya kuwachosha watoto.

Pili ni pomboo. Mwaka jana nahodha tuliyemkodi aliwafukuza kwa mashine hadi wakazama, nami sitaki wanangu wajifunze hivyo. Je, yupo anayejua namna ya kuwatazama kwa utulivu, au ni bora tuwaache? Na aliyewahi kusomesha watoto safarini, aliwapimaje walichokielewa?