Bill Russell alikuwa anabloku vipi bila faulo?

Kocha_Igoma
Wakuu, salaam. Senta (mchezaji wa chini ya ringi) wa timu yetu ya kikapu ya sekondari anaruka vizuri kubloku, yaani kuzuia mpira unaopigwa, ila faulo tano zinamtoa kabla ya robo ya nne. Bill Russell, yule senta maarufu wa Marekani, alipokuwa chuo kikuu cha San Francisco, 1953 hadi 1956, alifanyaje pale chini ya ringi? Na kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inawezekana?

Mzee_wa_Kirumba
Kocha, Russell alitumia mkono wa kushoto. Wapigaji wengi ni wa kulia, kwa hiyo wakitazamana uso kwa uso mkono wake ulikuwa tayari upande wa mpira. Kama kijana wako anabloku kwa kulia, anakatiza mwili wa mpigaji, na hapo ndipo faulo inapozaliwa. Mfundishe kushoto.

Pia asiwe wa kwanza kuruka. Miguu ya mpigaji iache sakafu kwanza, ndipo yeye apande, mkono wima, vidole viguse mpira. Akishusha kofi, refa anapuliza hata kama aligusa mpira kwanza, maana mkono unamalizia kwenye kiwiko cha mwenzake. Na asiufyatue nje, wapinzani watarudishiwa. Russell aliugusa kidogo ubaki uwanjani, beki wa timu yake K.C. Jones na wenzake wanauokota na kukimbia nao. Hilo ndilo lililowaua wapinzani, kuliko bloku yenyewe.

Nyakato_Kikapu
Tena hakuwa peke yake. Fainali ya vyuo vya Marekani ya 1955 kule Kansas City, wapinzani wao La Salle walikuwa mabingwa watetezi na nyota wao ni Tom Gola. Kocha wa San Francisco, Phil Woolpert, akampa Jones kazi ya kumkaba Gola, ingawa alizidiwa kimo waziwazi, ili Russell abaki karibu na ringi. Wakashinda 77-63. Jones pointi 24, Russell 23 na ribaundi 25 (mipira aliyoidaka baada ya mtu kukosa).

Kwa hiyo kocha, angalia mabeki wako kabla ya kumlaumu senta. Wakipitwa katikati, anakutana na mtu mwenye kasi na hajui atapita kulia au kushoto. Wamsukumie mpinzani upande mmoja, kila mara ule ule.

Kocha_Igoma
Mzee Kirumba, shikamoo. Nyakato, asante sana. Bado upande wa sheria.

Mzee_wa_Kirumba
Marahaba. Enzi za Russell eneo la chini ya ringi lilikuwa na upana wa futi 6, likapanuliwa hadi 12. Msimu wa 1955/56 walishinda mechi zote 29, na fainali dhidi ya Iowa Russell alipata pointi 26 na ribaundi 27. FIBA ni mita 4.9, lakini sheria ya sekunde tatu, ya kutokaa humo zaidi ya muda huo, inambana mshambuliaji tu. Senta wako akiwa analinda anaweza kukaa humo muda wote.

Kitu asichoruhusiwa ni kugusa mpira uliopigwa ukiwa unashuka juu ya usawa wa ringi, hata kama ni wa timu yake. Russell chuoni alikuwa anausindikiza ndani mpira wa mwenzake kutoka juu. Leo hiyo ni kosa. Ukishagonga ringi, anaweza kuugonga.

Nyakato_Kikapu
Viwanja vyetu vingi vya saruji bado vina mistari ya zamani ya eneo hilo, iliyopanuka chini kama sketi. FIBA waliiacha 2010. Pima mita 2.45 kila upande kutoka katikati ya mstari wa mwisho, halafu ndio upake rangi, la sivyo washambuliaji wako watajifunza sekunde tatu mahali pasipo.