Boris Karloff kwenye filamu za Meksiko: anaigiza, au anaumwa kweli?

Mtoto wa Fundi Saa
Wakuu, habari za usiku. Nimetoka kuangalia La muerte viviente, toleo la Kiingereza, ile ya kisiwa cha vudu na maiti wanaofufuliwa. Karloff, yule mwigizaji wa filamu za kutisha, humo ni tajiri mwenye shamba. Maiti sina shida nao, swali langu ni pumzi zake.

Marehemu baba yangu alikaa na mtungi wa oksijeni kando ya kitanda miaka yake miwili ya mwisho. Mtu mwenye mapafu yaliyochoka huikata sentensi mahali ambapo mzima haikati. Mabega yanapanda kwanza, hewa inaingia, ndipo neno linatoka. Karloff anafanya vilevile. Halafu muda mwingi amekaa. Anatokea, anapotea kitambo kirefu, na akirudi hata mwanga wa chumba umebadilika, utadhani ni filamu nyingine.

Alikuwa anaigiza uzee? Na kama alikuwa anaumwa, nani aliyekuwa na moyo wa kumsafirisha mzee wa hali ile mpaka Meksiko?

Mama Wawili Tabora
Pole kwa mzee, kaka. Jicho lako halikukosea: alikuwa anaumwa mapafu, na miguu nayo ilikuwa imemchosha. Ila Meksiko hakwenda. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, na kwa mapafu yale isingewezekana.

Mtayarishaji alikuwa Luis Enrique Vergara, yuleyule aliyetoa baadhi ya filamu za Santo, mwanamieleka wa barakoa ya fedha. Alikuwa na mkataba wa filamu nne. Sehemu za Karloff za filamu zote nne zikapigwa kwa mkupuo mmoja Los Angeles mwaka 1968, chini ya mwongozaji Jack Hill, Karloff akiwa na miaka 80. Zilizobaki zikapigwa Meksiko chini ya Juan Ibáñez. Ndiyo maana mwanga haulingani: ni nchi mbili, waongozaji wawili, na mkasi katikati.

Mimi nahariri video za harusi, hiyo kazi naijua. Ukipewa bibi harusi aliyepigwa asubuhi na ukumbi uliopigwa usiku, unachoweza ni kukata kwenye uso, kwenye mkono, kwenye mlango unaofunguka. Ukiirudia filamu, angalia milango.

Kaskazi
Mimi roho inaniuma kwa namna nyingine. Huyu ndiye zimwi la Frankenstein la mwaka 1931! Aliogopwa dunia nzima. Leo unampa jiwe lenye uhai linalotaka damu ya wasichana wenye hofu (hiyo ni La cámara del terror), bajeti yenyewe haitoshi hata kujenga pango la kueleweka. Walichokitaka ni jina lake kwenye bango.

Na si yeye peke yake. Lon Chaney Jr. alishaitwa huko mwaka 1960 kwa La casa del terror, akawa mumiani wa Misri anayegeuka mbwa mwitu, pembeni ya mchekeshaji Tin Tan. John Carradine alicheza kadhaa, zikiwemo Pacto diabólico na Las vampiras. Basil Rathbone, Sherlock Holmes wa wazazi wetu, filamu yake ya mwisho ni Autopsia de un fantasma. Hollywood iliwaacha, Meksiko ikawaokota kwa bei ya jioni, kama samaki wanaokaribia kuharibika.

Mama Wawili Tabora
Kaskazi, kuhusu bango nakubali. Kuhusu samaki hapana. Karloff hakuachwa: mwaka huohuo 1968 ilitoka Targets ya Peter Bogdanovich, na wengi wanaihesabu kati ya kazi zake bora. Mzee alipenda kazi. Wanaosimulia siku zile wanasema alikaa kwenye kiti cha magurudumu na kuvuta oksijeni kati ya picha na picha, kisha akiitwa anainuka. Tafuta Serenata macabra, yeye ni Morteval, mzee wa nyumba yenye vikaragosi vinavyoua. Hadithi imelegea, sikatai. Lakini mtazame anapowatazama ndugu waliofuata urithi. Hapo hakuna bajeti ndogo.

Alifariki Uingereza tarehe 2 Februari 1969. Hiyo ya kisiwa uliyoiona ilitoka 1971.

Mtoto wa Fundi Saa
Asante sana dada, nawe Kaskazi. Kumbe alikuwa anainuka. Baba naye, mgeni akibisha hodi, alikuwa anatoa ule mpira puani, anaufunika kwa taulo, ndipo anasema karibu. Mama alikuwa anamgombeza kila mara.

Nimerudia tena sasa hivi. Kuna pahala anaongea maneno marefu bila kukatwa, na nimesikia anapumzika mara tatu. Kila mara amechagua neno ambalo kupumzika kunalipa uzito. Mtu asiyejua atasema anatisha.

Serenata macabra nimeipata, naianza leo. Mwenye nakala nzuri ya Autopsia de un fantasma aniambie. Niliyoipata mimi sauti inatangulia midomo.