Skimu inasema thamani ya gemu ni 8 wakati namba kubwa kwenye jedwali ni 6, na mimi ndo nimepewa sapu

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, nimejaribu kukaa nazo wiki nzima zimegoma kutoka. Niko nyumbani Mikindani, matokeo yametoka, somo la linia programingi (hesabu za kugawa ulichonacho kidogo upate faida kubwa) na gemu thiori (hesabu za watu wanaoshindana kuchagua) nina 37, pasi ni 40, kwa hiyo mwezi wa tisa narudi chuo kufanya sapu, mtihani wa marudio. Chuo sikitaji na lekchara simtaji, kipo mbali na huku. Ningekuwa nimefeli kweli wala nisingefungua uzi, ningekaa kimya nipige msuli.

Shida ni swali moja la test two, alama 15. Gemu ya watu wawili, anachopata mmoja ndo anachopoteza mwenzake. Mstari wa juu una 4 na 6, mstari wa chini una 2 na 5. Wa kwanza anachagua mstari, wa pili anachagua safu, kisha wa pili anamlipa wa kwanza namba iliyoangukiwa. Tafuta thamani ya gemu, yani anachopata wa kwanza wote wawili wakicheza kwa akili.

Sasa tazama hata wewe ambaye hesabu uliachana nazo form four. Wa kwanza atachukua mstari wa juu siku zote, maana 4 inaizidi 2 na 6 inaizidi 5, ule wa chini hana sababu ya kuugusa. Mwenzake analijua hilo na yeye ndo mlipaji, kwa hiyo anaikwepa 6 anaenda kwenye safu ya 4. Basi, wamemalizana, thamani ni 4. Ndo inaitwa sadol pointi, namba iliyo ndogo kuliko zote kwenye mstari wake na kubwa kuliko zote kwenye safu yake, na kabla hujagusa fomula yoyote ya kuchanganya mikakati (kubadilisha-badilisha mistari kwa probabiliti fulani) unatakiwa kwanza uangalie kama ipo. Nikaandika 4, nikaandika na sababu. Nikapewa 2 kati ya 15.

Skimu, ule mwongozo wake wa kusahihishia, inasema 8. NANE! Yani lekchara amechukua 4 mara 5, akatoa 6 mara 2, ikabaki 8, akagawa kwa 9 (4 na 5) toa 8 (6 na 2) ambayo ni 1, akaweka tiki. Hiyo nane mlipaji anaitoa wapi wakati jedwali zima hakuna namba inayovuka 6? Na hiyohiyo fomula ukiitumia kutafuta probabiliti ya kuchagua mstari wa juu inakupa 3. Probabiliti 3 jamani, wakati haivuki 1!! Ile fomula inafanya kazi pale ambapo sadol pointi haipo, ikiwepo inakuletea takataka, na hilo lekchara wa somo ndo alitakiwa awe wa kwanza kuliona.

Nilienda ofisini kwake kwa adabu zote, shikamoo dokta, nikaweka karatasi mezani nikamwonyesha ile 6. Hakuiangalia. Akaniambia wenzako mbona wamepata, fuata fomula niliyotoa darasani. Na kweli wenzangu wamepata, kwa sababu kuna desa (karatasi ya majibu ya kunakili) linazunguka steshenari ya pale getini, lina swali hilohilo la miaka iliyopita, namba zilezile, jibu 8. Walionakili wana 15. Niliyekaa kufikiri nina 2. CR, kiongozi wa darasa letu, akaenda kwa mkuu wa idara akaambiwa tuandike barua, barua ikaandikwa, ikapokelewa, ikagongwa muhuri, mpaka semista imeisha hakuna aliyeijibu. Jumlisheni wenyewe zile 13 kwenye 37 muone kama hapa kuna sapu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba somo lenyewe ni tamu, ni yeye tu analiua. Wiki kumi na nne tunanakili majedwali ya simpleksi, njia ya kutatua linia programingi hatua kwa hatua, pivoti hapa, futa pale. Tulipofika kwenye dyuali alichosema ni geuza jedwali, badili alama, nendeni sura inayofuata. Dyuali ina maana gani? Kimya, wakati ni swali lilelile lililogeuzwa, badala ya kuuliza ufanye nini linauliza kila ulichonacho kina thamani gani. Juzi nimekaa barazani na mama, ana ekari 6 huko Tandahimba, anawaza agawe vipi ufuta na mihogo. Tukakadiria namba, ufuta siku 20 za vibarua kwa ekari na unabakiza laki tatu kabla hujalipa vibarua, mihogo siku 10 na laki mbili, siku za vibarua zote 80. Nikamchorea grafu nyuma ya kalenda. Ukijaza ufuta nguvu kazi inaishia ekari 4, unapata milioni moja na laki mbili, ukijaza mihogo ekari zote 6 ni hiyohiyo, lakini ekari 2 za ufuta na 4 za mihogo inatoka milioni moja na laki nne. Halafu nikamfanyia dyuali, ikasema siku moja ya kibarua kwake ina thamani ya elfu kumi na ekari moja ina thamani ya laki moja. Mama akauliza, kwa hiyo wa kuongeza akitaka elfu kumi na mbili kwa siku nisimchukue? Nikamwambia ndo hivyo mama. Ekari 6 kwa laki moja, siku 80 kwa elfu kumi, jumlisha, milioni moja na laki nne ileile. Mama ameielewa dyuali kwa nusu saa na darasa zima hatujui mpaka leo.

Hata gemu, mtu wa huku kusini hahitaji kufundishwa kwa A na B. Mwaka 2018 wakulima walizigomea bei za mnadani, korosho zikakaa, mpaka serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo. Kuna gemu gani zaidi ya hiyo? Na linia programingi na gemu ni kitu kimoja, Dantzig, mwenye njia ya simpleksi, alipompelekea mwanahisabati von Neumann tatizo lake la linia programingi mwaka 1947, von Neumann aliona palepale linafanana na gemu alizokuwa anazifanyia kazi. Sisi tumefundishwa kama masomo mawili yasiyojuana.

Sitaki huruma wala alama za bure. Nataka lile swali lisahihishwe upya kwa darasa zima, na waliopewa 15 kwa jibu la 8 sina ugomvi nao, wabaki nazo. Sapu ni tarehe 9, nauli ya basi mpaka Dar na kuendelea mama anaitoa kwenye hela ya kupulizia mikorosho salfa. Kama kuna mdau aliwahi kukata rufaa ya swali lenye skimu mbovu akasikilizwa, naomba aniambie barua inaanzia kwa nani ikishakwama kwa mkuu wa idara, na kama inaweza kusimamisha sapu kabla sijapanda basi.