Wafumaji na wadarizi wa Mwanza, tupeane uzoefu: uzi na sindano viliwahi kukufanya nini?

Mama Kulwa wa Nyegezi
Wakuu, mwangaluka. Leo nimepanda daladala ya Buhongwa, nikakaa mbele na dereva. Pale juu ya dashibodi katandika kitambaa cha kufuma, maua sita yameunganishwa, zamani kilikuwa cheupe, sasa vumbi limekigeuza rangi ya chai ya maziwa. Nikajikuta nahesabu vijiti vyake vya uzi kwa kidole. Dereva akaniuliza, "Mama vipi, kuna kitu umepoteza?" Nikamwambia hapana baba, ila aliyefuma hiki, ua la tatu limemshinda, karuka kijiti. Akasema kafuma mama yake. Nilinyamaza mpaka stendi ya Nyegezi.

Basi nikakumbuka ya kwetu. Mwaka 1998 wanakuja kumposa dada yangu. Mama kafuma vitambaa 12: vya makochi, meza, redio, mpaka cha ndoo ya maji ya kunywa. Jirani akashauri tuvikakamaze kwa maji ya sukari ili ncha zisimame. Tukachemsha sukari na maji kiasi sawa, tukachovya, tukavilaza juu ya mabakuli yaliyopinduliwa vikaukie pale. Vikatoka vimesimama kama tanga.

Wageni wakaingia saa kumi. Mshenga kakaa kochi kubwa, kaegemea, kaanza maneno yake ya kuzunguka mbuyu. Hajafika popote, mkono shingoni. Mara mgongoni. Mara kasimama kama anataka kuhutubia. Sisimizi! Mstari umetoka dirishani, umepanda kochi, umeingia kwenye kola. Mazungumzo ya ng'ombe ambayo kwetu yanakwenda mpaka usiku yaliisha ndani ya nusu saa. Baba mpaka leo anasema tulipunjwa kwa sababu ya sukari.

Nani mwingine? Mwageni ya kwenu.

sato_mkavu
Sukari, mama? 😂 Wanga wa muhogo ndio mpango. Uji mwepesi, uchuje kwa kitambaa, uache upoe, chovya, kamua kidogo, piga pasi ikiwa bado na unyevu.

FundiUziMweupe
Wanga wa muhogo una mende, wewe. Miaka mingapi nafuma. Tumia gundi nyeupe ya mafundi seremala iliyozimuliwa na maji. Hakuna mdudu atakayesogea.

Mama Kulwa wa Nyegezi
Gundi ya mbao kwenye kitambaa cha kufunikia mkate? Mungu anakuona.

FundiUziMweupe
Cha mkate mimi sikakamazi. Soma vizuri.

Ngosha wa Igoma
Mmenigusa. Kuna mtu hapa alifundishwa kibao cha misumari? Mwalimu wetu alitwambia kila mmoja aje na kibao cha mraba, misumari midogo, na sindano ndefu ya kushonea magunia. Unapigilia misumari pande zote nne. Uzi unauzungusha juu na chini, halafu kulia na kushoto, halafu tena juu na chini. Safu ya mwisho ndiyo unaipitisha kwa sindano, juu ya mmoja chini ya mmoja, mpaka unafika mwisho. Ukiking'oa una kipande kimoja cha sentimita 10 kwa 10. Kizuri chake hukati kitu, kingo zinajifunga zenyewe.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza nikajifanya baba wa mfano. Nikapiga hesabu: shali ya sentimita 80 kwa 100 ni vipande 80. Nikawa nafuma usiku, yeye kalala. Miezi miwili. Kosa la kwanza, kipande kikitoka kwenye misumari kinajirudi kidogo. Nusu sentimita utaona si kitu, lakini zidisha kwa 10. Shali ikawa fupi.

Kosa la pili ndilo lililonimaliza. Misumari ilikuwa ya kuokoteza, na chumba chetu kilikuwa na unyevu. Ikashika kutu. Mimi usiku na taa ya chemli sioni kitu. Siku naunganisha mchana, kila kipande pembeni kina nukta za kahawia, mstari mzima. Zidisha kwa 80. Mke wangu kaikunjua, kaitazama, akasema, "Baba Nyanzala, hii shali ina surua."

Kijana wa Mabatini
Mwanaume mzima unakaa usiku unafuma shali? Ndiyo maana nchi haiendelei.

sato_mkavu
Wewe umefuma nini zaidi ya majungu?

Mzee wa Mwaloni
Kijana wa Mabatini, njoo hapa Kirumba asubuhi utuone. Wanaume wenye ndevu tumekaa chini, wavu magotini, sindano mkononi, tunaziba matundu. Jicho la wavu wa sangara likipishana ukubwa, samaki anapita anakuaga. Nimesomesha watoto wanne kwa fundo. Nami nilidhani ni kazi ya kudharau mpaka siku niliyoharakisha, nikafunga fundo la uongo, moja linafyatuka linafuata lingine. Tajiri alitandaza wavu ufukweni mbele ya watu wote, akapitisha kichwa chake kwenye tundu nililoziba, akaniuliza, "Mzee, hili ni jicho la samaki gani?"

Kijana wa Mabatini
Hiyo ni kushona nyavu, siyo kufuma vitambaa. Tofautisha.

MwalimuWaLugha
Kwa faida ya wengi: mkeka unasukwa, sweta linafumwa, ua juu ya shuka linadariziwa. Wavu unafumwa ukiwa mpya, ukichanika ndipo unashonwa. Kwa hiyo mzee yuko sahihi nusu.

Mzee wa Mwaloni
Marahaba, mwalimu. Nusu iliyobaki utanipa lini?

Binti Pasiansi
Mimi fupi tu. Uzi mwekundu na mweupe usiuchanganye kabla ya kujaribu. Nilifuma kofia ya mtoto wa bosi, nikaifua mara moja, ikawa pinki. Weka chumvi kwenye maji.

FundiUziMweupe
Chumvi haizuii rangi kuchuja, ni maneno ya mitaani. Lowanisha kipande cha uzi, kifunge ndani ya kitambaa cheupe, ukikalie usiku. Asubuhi utajua.

Binti Pasiansi
Nikikalie usiku? 😳

FundiUziMweupe
Namaanisha uwekee uzito juu. Jamani.

sato_mkavu
Nyingine ya bure kabla ya kupiga pasi: choma ncha ya uzi. Pamba inakuwa jivu na kunuka karatasi. Sufu inanuka nywele. Ukiona inayeyuka na kuganda kidonge kigumu, hiyo ni plastiki, weka pasi ya mkaa mbali. Mimi sikujua. Kitambaa cha meza ya kanisani kilibaki na alama ya pasi, umbo kamili.

Wa Kayenze
Sisi wa ufukweni tuna janga letu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Nilianika shuka jeupe la kufuma la mteja, nikaingia ndani kugeuza ugali, kutoka shuka ni jeusi. Nikakosea, nikapangusa. USIPANGUSE. Acha wafe wakauke, ukung'ute.

Dada wa Kitangiri
Nimesoma kimya kimya tangu asubuhi, ila hii ya kudarizi imenichokonoa. Ngoja niseme, hakuna anayenijua hapa.

Miaka kama tisa iliyopita nilikuwa na mchumba, mvuvi. Anakwenda kambi ya dagaa kisiwani Kome. Nikataka aende na foronya yangu, LALA SALAMA, na maua pembeni. Nikachora herufi kwa karatasi ya kaboni, nikaanza kujaza. Herufi nilizifanya kubwa mno. Nafika katikati ya neno naona nafasi inaisha, nikaanza kubana, na katika kubana nikaruka A moja. Nimemaliza usiku wa tatu, nakunjua nisome: LALA SALMA. Alfajiri anaondoka. Uzi mwekundu umekwisha, S nimeijaza kwa kijani. Nikampa hivyo hivyo. Akacheka, akasema nitaelewa.

Miezi minne, simu haipokelewi. Sita, haipatikani. Nikalia, nikanyamaza.

Mwaka uliofuata shangazi yangu akafiwa huko huko Kome. Tukavuka Nyakarilo, tukafika jioni. Msiba mkubwa, nyumba imejaa, wanawake tukagawanywa kwa majirani. Mimi nikapelekwa kwa dada mmoja mkarimu kweli, ana mtoto mchanga mgongoni. Kanipa maji ya kuoga, kanipa chakula, kanitandikia. Mume wake hayupo, akasema ni siku za giza, mwezi haupo, wavuvi wa dagaa wote wako ziwani. Kibatari kiko sakafuni. Najitupa kitandani, nageuza shavu, nasikia uzi unanikwaruza.

Nikainua mto kwenye mwanga. S ya kijani.

Umeme umeondoka na simu ina asilimia 4. Narudi.

Binti Pasiansi
HAPANA. Dada rudi hapa!!!

Ngosha wa Igoma
Mimi na shali yangu ya surua nimejiona sina stori kabisa.

Kijana wa Mabatini
Chai hii. Foronya zinafanana.

Mama Kulwa wa Nyegezi
Wewe kijana hujawahi kushika sindano. Mkono wa mtu kwenye uzi ni kama mwandiko. Mimi nikiwekewa vitambaa mia nakuokotea cha mama yangu gizani.

Wa Kayenze
Nimeunguza dagaa nikisubiri. Dada Kitangiri, tunaomba mwendelezo.

Dada wa Kitangiri
Nimerudi. Poleni.

Sikulala. Asubuhi yule dada kaleta uji, kaniona nautazama mto. Akafurahi, akasema, "Umeipenda, eeh? Mume wangu aliagiza mjini kwa ajili yangu kabla hajanioa. Fundi kaweka mpaka jina langu."

Anaitwa Salma.

Jamani, nilitafuta hasira nikaikosa. Mtoto yuko mgongoni ananichekea. Kosa langu la A moja limeoa mke. Nikamwambia fundi alijitahidi, ila S ya kijani sijaielewa. Akasema hata yeye haielewi, labda ndiyo fasheni ya mjini. Kisha akanishika mkono: nikirudi Mwanza nimtafutie yule fundi, anataka ya pili ziwe jozi.

Nikamwambia namfahamu.

sato_mkavu
Weeeee

Dada wa Kitangiri
Akatoa hela ya kwanza pale pale, fundo la kanga. Nikaja nikadarizi kwa wiki nzima. Kitambaa kile kile, maua yale yale, nikapima herufi kwa rula safari hii. LALA SALAMA, A zote zimekaa. Na S nikaijaza kijani, kwa makusudi. Nikampa mtu wa kivuko aipeleke.

Siku ya nne simu ikaita, namba ngeni. Nikaitazama mpaka ikakatika. Ikaita tena usiku, wa mbalamwezi, wavuvi wako nyumbani.

Binti Pasiansi
Ukapokea?

Dada wa Kitangiri
Nilikuwa nina oda ya vitambaa vya makochi.

Mzee wa Mwaloni
Binti, umenyoosha fundo. Ila ulimtoza shilingi ngapi?

Dada wa Kitangiri
Elfu 15 mzee, shikamoo. Na ya kivuko juu yake.

Mzee wa Mwaloni
Marahaba. Ulimwonea huruma.

Kijana wa Mabatini
Haya nimekubali, si chai. Samahani dada. Halafu swali la pembeni, mama ananiulizia: vitambaa vyake vya makochi vimelegea. Mmesema sukari au wanga?

FundiUziMweupe
Gundi.

Mama Kulwa wa Nyegezi
Wanga. Na miguu ya makochi uisimamishe kwenye vikopo vya maji.